Mikoko Iliyopandwa Mahali Pasipo Pake: Uchambuzi wa Kisa cha Mradi wa Umma wa Kurejesha Ufukwe

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanzania Bara. Jina la kijiji, wilaya, miaka na jina la mradi nimeyaacha. Nimeacha pia idadi kamili ya miche na shilingi, kwa sababu yeyote aliyefanya kazi kwenye sekta hii angekitambua kijiji kwa tarakimu hizo tu. Mfuatano wa mambo haujaguswa. Mimi nilikuwa upande wa mradi, nikisimamia shughuli za jamii, na sahihi yangu imo kwenye taarifa mbili nitakazozieleza hapa chini.

Nakiandika kwa ajili ya maafisa misitu na mazingira wa halmashauri, watendaji wa vijiji, kamati za maliasili na vijana wanaoingia kwenye kazi hii wakiwa na shahada mkononi na hawajawahi kuzama matopeni hadi magotini. Miradi ya kupanda mikoko inazidi kuongezeka pwani yetu. Fedha zake ni za umma, hata zinapopitia mikononi mwa wafadhili, na zikipotea zimepotea kwa wote.

Mahali penyewe

Kijiji kimekaa kwenye mdomo wa mkondo mdogo wa bahari. Ukisimama bandarini, mkono wa kulia una ufukwe wa mchanga wenye minazi, na mkono wa kushoto mkondo unaingia nchi kavu ukipita katikati ya msitu wa mikoko. Mbele ya msitu kuna uwanda mpana wa tope ambao maji yakijaa huuoni kabisa, na yakipwa unaweza kuukata kwa miguu hadi karibu na nanga za mashua. Nyuma ya msitu kuna majaruba ya chumvi yaliyoachwa, yenye matuta ya udongo yaliyokatwa mraba mraba kama shamba la mpunga.

Mtu wa mjini husema "mikoko" na kumaanisha miti yote ya maji chumvi. Wenyeji hawasemi hivyo. Kwao mkoko ni mti mmoja, ule wenye mizizi iliyotanda nje kama miguu ya kaa. Kando yake kuna mlilana unaotangulia mbele kabisa baharini, msinzi, mkandaa, mchu, na kwenye sehemu zinazofikiwa na maji baridi kuna mkomafi na msikundazi. Pwani yetu ina aina kumi hivi za miti hii, na kila moja ina mahali pake. Mchu ndio mti wa ajabu katika kundi hili: utaukuta mbele karibu na mlilana, kisha unapotea, halafu unaukuta tena huko nyuma mahali pakavu penye chumvi kali inayoua wenzake wote. Naomba msomaji aishike habari hii ya mchu, kwa sababu kisa kizima kinaizunguka.

Msitu ulikuwa umepungua kwa sababu tatu ambazo kila mtu kijijini angekutajia. Fito na boriti zilikatwa za kujengea na za kuuza. Kuni zilikatwa za kuchomea chokaa na za kupikia chumvi. Ya tatu, ambayo watu waliitaja mwisho kwa kuwa ilitokea zamani na haikuonekana kama uharibifu, ni matuta ya majaruba. Shoka hukata mti na kisiki kinabaki na maji yake. Tuta hukata maji yenyewe, na miti yote iliyo nyuma yake hufa ikiwa imesimama. Sehemu kubwa ya msitu wa kijiji hiki ilikufa kwa tuta.

Upande wa ufukwe bahari ilikuwa inakula nchi. Minazi ya safu ya mbele ilikuwa imelala, mizizi ikiwa wazi. Makaburi ya zamani yaliyokuwa mbali na maji enzi za babu zao, sasa yalifikiwa na bamvua, yaani zile siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Hili la makaburi ndilo lililowafanya wazee waandike barua ya kwanza kwenda wilayani. Barua ile haikutaja mikoko popote. Iliomba ukuta.

Kisheria mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa anayetaka kukata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Sheria zote mbili zilijulikana ofisini. Kijijini kilichojulikana ni kwamba ukikamatwa na boriti bila kibali utalipa faini.

Mradi ulivyokuja

Mradi ulikuwa na sehemu mbili: ukuta mfupi wa mawe mbele ya makaburi, na upandaji wa mikoko. Sehemu ya fedha ilikuwa ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi iliyopitia serikalini, na sehemu ndogo ilitoka halmashauri.

Andiko lilikuwa limekwishapitishwa nilipoajiriwa. Lilitaja hekta za kupanda na idadi ya miche, na kipimo cha mafanikio kilikuwa idadi hiyo. Miche iliyopandwa. Hakuna mstari uliouliza mingapi itakuwa hai baada ya mwaka mmoja, achilia mbali mitatu. Niliusoma ukurasa ule mara kadhaa bila kuona tatizo lolote, na leo naamini sehemu kubwa ya kilichofuata ilikuwa imeshaamuliwa pale.

Jambo la pili ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Fedha zilifika kwenye akaunti robo ya tatu ikielekea mwisho. Zisipotumika kufikia Juni zinarudi, na mradi unaorudisha fedha unahesabiwa kuwa umeshindwa. Aprili kusi inaanza kuvuma, na Mei na Juni bahari ya upande wetu imeshachafuka. Kalenda ya hazina na kalenda ya bahari zilipingana, na ya bahari hatukuifikiria.

Tulivyoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mahali. Sehemu mbili zilipendekezwa: majaruba yaliyoachwa na uwanda wa tope mbele ya msitu. Afisa mmoja kijana wa misitu alitaka majaruba, akieleza kwamba palikuwa msitu zamani na visiki vyake bado vipo. Lakini majaruba yalikuwa na mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepewa eneo hilo miaka mingi nyuma, akalima chumvi, bei ikaanguka, akaondoka. Karatasi zake zilikuwa hai. Ushauri wa kisheria tulioupata ulikuwa tusiguse eneo lenye mgogoro unaoweza kusimamisha mradi. Uwanda wa tope haukuwa na karatasi ya mtu. Kwenye ramani ya mradi ulipakwa rangi ya kijivu na kuandikwa "eneo tupu".

Halikuwa tupu. Kila maji yanapopwa, wanawake wa kijiji walikuwa kwenye uwanda ule, wengine wakiokota chaza, wengine wawili wawili na nguo yao wakitanda uduvi. Kwa nini hawakusema? Mkutano mkuu wa kijiji wa kupitisha eneo uliitishwa saa tatu asubuhi, siku za bamvua. Siku hiyo na saa hiyo maji yalikuwa yamepwa kabisa, na wanawake walikuwa kazini. Orodha ya mahudhurio ilijaa majina ya wanaume. Majina machache ya wanawake yalitosha kutimiza kile fomu ilichodai. Mimi ndiye niliyechagua tarehe ile, kwa kuangalia nafasi ya gari la halmashauri.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa aina ya mti. Tulichagua mkoko peke yake. Sababu yake inaeleweka na ndiyo maana inarudiwa mahali pengi: mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti wa mama, ikarefuka kama kalamu nene ya kijani, na ikikomaa shingo yake hugeuka njano na kuachia. Unaiokota, unaichomeka kwenye tope, basi. Haihitaji kitalu. Mlilana una mbegu ndogo mno, unataka kitalu na miezi ya kulea. Mkoko unahesabika, unapigwa picha vizuri ukiwa umepangwa mistari, na kibarua hafundishwi zaidi ya nusu saa. Kwa kipimo cha idadi ya miche, hakuna mti unaoushinda.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa malipo. Kila kaya iliyoshiriki ililipwa kwa idadi ya miche iliyochomeka. Tuliona ni haki, kwamba anayefanya zaidi apate zaidi, na ilirahisisha hesabu.

Mambo yalivyokwenda

Tulipanda wiki za mwisho za Mei na mwanzo wa Juni, nafasi ya mita moja kwa mita moja. Siku ya uzinduzi walikuja viongozi, fulana zikagawiwa, nyimbo zikaimbwa. Watu walifanya kazi kwa moyo na sitaki mtu yeyote asome kisa hiki akadhani wanakijiji walidanganya. Ni kweli siku za mwisho baadhi walichomeka mbegu ambazo hazijakomaa, zilizochumwa badala ya kuokotwa, kwa sababu zilizokomaa zilikuwa zimekwisha na malipo yalikuwa kwa idadi. Hilo tulilisababisha sisi.

Katikati ya kazi, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akirudi na ndoo yake ya uduvi alisimama akatutazama, akaniambia, "Mwanangu, hapo hata sisi hatusimami maji yakianza kuingia. Mti utasimamaje?" Nilimjibu kwa heshima kwamba wataalamu wamepima. Hakuna aliyekuwa amepima.

Taarifa ya kukamilisha kazi ilikwenda kabla ya tarehe 30 Juni ikiwa na picha na idadi iliyovuka lengo. Hiyo ndiyo taarifa yangu ya kwanza.

Agosti nilirudi. Mistari ya upande wa bahari ilikuwa imeng'olewa na mawimbi, imebaki vishimo. Iliyosimama ilikuwa imevikwa mwani uliokuja na maji na kuilaza. Kwenye mashina mengi kulikuwa na vile viganda vidogo vigumu vinavyoganda chini ya mashua isiyopandishwa kukwanguliwa, vimebana mche pande zote mpaka ukashindwa kusimama kwa uzito. Desemba, kaskazi ilipoingia, palibaki ukanda mwembamba uliopakana na msitu wa asili. Kwingine kote tope lilikuwa limerudi kuwa tope.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho kinachonisumbua zaidi. Bajeti ya mwaka wa pili ilikuwa na kifungu cha "kujazia mapengo". Tukajazia. Mahali palepale, mti uleule, malipo yaleyale. Hakuna aliyependekeza kusimama na kuuliza, kwa kuwa kuuliza kungemaanisha kukiri kwamba taarifa ya mwaka wa kwanza ilikuwa ya kweli kwa idadi na ya uongo kwa maana. Taarifa ya pili ikaandikwa. Miche ya pili ikafa kama ya kwanza, isipokuwa kwenye ukanda uleule.

Mabadiliko hayakuanzia kwetu. Msimu wa masika uliofuata, mvua kubwa iliambatana na bamvua, na tuta moja la majaruba likapasuka upande wa mkondo. Hakuna aliyeliziba, mwenyewe hakuwepo. Maji yakaanza kuingia na kutoka kwenye jaruba moja kama yalivyofanya kabla ya chumvi. Miezi kadhaa baadaye mvuvi mmoja mzee, anayepitisha mtumbwi wake pale, alimwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba kuna michu inaota ndani ya jaruba. Tulikwenda watatu. Ilikuwa imejaa. Midogo, majani mawili au manne, imeota yenyewe kwa mbegu zilizoelea na maji kutoka michu mikubwa ya kando ya mkondo. Hatukuwa tumelipa shilingi moja kwa ajili yake.

Afisa misitu kijana aliyekuwa ametaka majaruba tangu mwanzo alikuwa nasi. Hakusema kitu. Alichuchumaa akaanza kuhesabu.

Kugeuza njia

Uamuzi wa mwaka wa tatu ulichukua miezi mitano, na karibu muda wote ulikwenda kwa mwenye majaruba. Tulimtafuta mjini alikohamia. Wazee wawili wa kijiji walifuatana na mwenyekiti, na walifanya kazi ambayo barua za ofisini zisingeweza. Walianza kwa kumpa pole ya msiba uliompata mwaka uliotangulia. Habari ya matuta ilikuja siku ya pili. Mwisho alikubali kuachia majaruba ya chini, yaliyopakana na mkondo, ambayo hata hivyo yalikuwa hayatoi chumvi, na akabaki na ya juu. Makubaliano yakaandikwa kwa mkono, wakatia sahihi yeye, mwenyekiti, mtendaji na mashahidi.

Kisha kazi ya kupima, ambayo safari hii ilifanyika. Hatukuwa na vyombo vya gharama. Fundi mwashi wa kijijini alitoa mpira wake wa maji, ule mpira mwangavu ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Tulianzia kwenye mti wa chini kabisa wa msitu wa asili, ule uliosogea baharini kuliko yote na bado mzima, tukaweka alama ya usawa wake, na mwisho wa msitu upande wa nchi kavu tukaweka nyingine. Kati ya alama mbili hizo ndiko mikoko inakoishi. Tulipopeleka mpira kwenye majaruba, tuliyakuta ndani ya mpaka. Tulipoupeleka kwenye uwanda wa tope tulikopanda mara mbili, isipokuwa ukanda mwembamba ule, kote kulikuwa chini ya mpaka. Kazi hii ilituchukua siku mbili. Tungeweza kuifanya kabla ya kuchomeka mbegu ya kwanza.

Wazee walionyesha ilipopita mikondo ya zamani kabla ya matuta, na hapo ndipo tulipokata, kwa majembe, sehemu tatu. Tulimwachia bahari afanye mengine. Kupanda tulipanda kidogo tu: mikoko kando ya mikondo iliyofunguka, na mikandaa nyuma yake. Malipo yalibadilika. Vibarua wa kukata matuta walilipwa kwa siku, na kamati ya maliasili ilipewa posho ya kuhesabu miche hai kila baada ya miezi mitatu kwenye viwanja vidogo vilivyowekewa vigingi, na kuandika kwenye daftari.

Matokeo

Majaruba ya chini yamekuwa msitu mchanga. Mchu unatawala, kama ilivyotarajiwa kwenye udongo uliojaa chumvi, na mkandaa umeanza kuingia wenyewe. Kona moja imebaki kipara: udongo wa mikoko ukikaushwa miaka mingi hugeuka kuwa na asidi, na maji hayajausafisha bado. Mbuzi walikula sehemu ya michu mwaka wa kwanza hadi kamati ilipokubaliana na wenye mbuzi.

Uwanda wa tope uliachiwa wanawake. Nasema uliachiwa, lakini haukuwa wetu kuwaachia. Kwa misimu miwili vijiti vyetu vilivyokufa viliwachania nguo za kutandia.

Kuhusu ukuta nitasema kwa ufupi. Ulijengwa na umesimama, makaburi yamenusurika, na wazee wanashukuru. Ila mahali unapoishia mawimbi yanakula mchanga kwa kasi kuliko zamani, kama inavyotokea penye kila ukuta mgumu unaoishia ghafla ufukweni, na mwenye shamba la minazi linalofuata ameshaandika barua yake.

Uchambuzi

Kosa la kitaalamu linaelezeka kwa sentensi moja: tulipanda chini ya usawa ambao mti unaweza kuishi. Mikoko inapenda maji ya bahari, lakini haiwezi kuzama muda wote. Kanuni inayotumika na watafiti ni kwamba miti hii huishi pale panapofunikwa na maji kwa chini ya takribani theluthi moja ya muda. Mahali palipo chini ya usawa huo, panapofunikwa muda mrefu zaidi, mizizi hukosa hewa na mche hubaki ndani ya maji muda wa kutosha kuvamiwa na viganda. Kama uwanda wa tope ulio wazi ungefaa kwa mikoko, mikoko ingeshaota. Mbegu zinaelea hapo kila siku kwa maelfu. Mahali palipo karibu na msitu wenye mbegu na pasipoota kitu pana sababu, na kazi ya kwanza ni kuitafuta sababu hiyo.

Si sisi tu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa fedha nyingi na nia njema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia maeneo 23 yenye jumla ya hekta 1,000 hadi 1,200. Katika maeneo 9 hapakuwa na mche hata mmoja uliosalia, na eneo lililofanikiwa halikuzidi hekta 220 hivi. Sababu walizozikuta huko ningeweza kuziandika hapa bila kubadili neno: mahali pasipofaa, aina moja ya mti iliyochaguliwa kwa urahisi wake, na kutofuatilia baada ya kupanda. Upande wa Kenya, mikoko ya Mwache karibu na Mombasa ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, pale udongo ulioshushwa na maji kutoka bara ulipofukia mizizi ya kupumulia. Nautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo lilelile kutoka upande mwingine. Miti ile haikukatwa na mtu. Usawa wa ardhi ulibadilika na miti ikafa.

Lakini nikiishia kwenye usawa wa maji nitakuwa nimewaonea wataalamu na kuwaacha wengine. Afisa kijana alijua. Mama wa uduvi alijua. Mvuvi mzee alijua. Maarifa yalikuwepo kijijini tangu siku ya kwanza, na mradi ulikuwa umejengwa kwa namna ambayo hayangeweza kuingia. Kipimo cha miche iliyopandwa kilifanya uwanda mpana wenye tope laini uonekane bora kuliko jaruba lenye udongo mgumu na mwenyewe. Tarehe 30 Juni ilifanya mazungumzo ya miezi mitano yaonekane anasa. Saa ya mkutano iliwaondoa watu waliokuwa na taarifa muhimu kuliko zote. Kila uamuzi ukiutazama peke yake una sababu ya maana, na ndiyo maana hakuna aliyeupinga kwa nguvu, mimi nikiwa wa kwanza.

Malipo kwa idadi nayapinga sasa waziwazi. Yanageuza mwanakijiji anayeujua msitu kuwa mtu wa kuchomeka vijiti. Tulipoanza kulipa kwa kuhesabu miche hai, watu walewale walianza kuleta habari: jaruba fulani linatuamisha maji, kaa wanakata miche ya upande huu, tuta linaanza kujiziba. Hakuna aliyefundishwa. Swali lililoulizwa ndilo lililobadilika.

Jambo ambalo sikulitarajia ni nguvu ya daftari. Daftari la kamati ni la kurasa mia, limelowa chumvi na kukunjamana, na lina taarifa bora kuliko zote mbili nilizosaini. Mkaguzi alipofika mwaka wa nne, ndilo alilokaa nalo muda mrefu. Miche iliyokufa imeandikwa humo pia, pamoja na sababu, na hakuna aliyeadhibiwa kwa kuiandika.

Kufungua matuta kulifanya kazi kwa sababu chanzo cha mbegu kilikuwa karibu na maji yalikuwa na njia ya kurudi. Kijiji ambacho michu mikubwa imekwisha kandokando ya mkondo hakitapata miche ya kujiotea kwa kukata tuta tu, na huko kitalu kinahitajika. Nasema hivi kwa sababu nimeshaona halmashauri moja jirani ikichukua habari yetu kuwa agizo, ikatuma majembe kabla ya kutuma mtu wa kuangalia.

Lililobaki wazi ni umiliki. Makubaliano na mwenye majaruba yamo kwenye faili la ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ni ya hiari, na hayajaandikishwa ardhi. Hati yake inasoma bado mipaka ya zamani, pamoja na majaruba ambayo sasa yana miti iliyomzidi mtu kimo. Msitu huo kisheria ni mikoko ya hifadhi, na kisheria hiyohiyo ni eneo la chumvi la mtu binafsi. Mwenye majaruba akifariki, watoto wake hawafungwi na neno alilowapa wazee sebuleni kwake. Kamati imeomba mara mbili mipaka irekebishwe. Barua ya pili ilipokelewa na kugongwa muhuri, na bei ya chumvi imeanza kupanda tena.